Hugh Callendar na Waya wa Platini

Zamani, kabla mizani ya chuma haijaenea katika nchi hizi, watu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na nguo walizipima kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole. Vipimo hivi vilitosha kati ya jirani na jirani, lakini mara nyingi vilileta ugomvi. Mwenye duka mwenye mkono mfupi alipata faida, na mnunuzi alirudi nyumbani akinung'unika. Tena pishi ya soko moja haikuwa sawasawa na pishi ya soko jingine. Kwa hiyo tangu kale watu wenye kupenda haki wametaka kipimo kilicho kimoja kwa wote, kwa maskini na tajiri, kwa mwenyeji na mgeni.

Nafaka yaweza kumiminwa katika pishi, na nguo yaweza kunyoshwa juu ya mkono. Lakini moto haumiminwi wala haunyoshwi. Je, joto lake litapimwa kwa kitu gani?

Katika milima ya Upare ya kaskazini, katika nchi ya Ugweno, palikuwa na wahunzi wa ukoo wa Washana, waliosifiwa sana kwa kazi ya chuma. Hata Wachagga wa Kilimanjaro walinunua chuma cha Ugweno. Mhunzi alipovukuta mivukuto yake, alitazama rangi ya chuma kilichomo ndani ya makaa. Kikiwa chekundu kama damu, alingoja. Kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva, alijua ya kuwa wakati wa nyundo umefika. Jicho lake ndilo lililokuwa kipimo chake. Lilikuwa jicho hodari, lililofundishwa kwa miaka mingi. Lakini mhunzi hakuweza kulituma jicho lake kwa fundi wa nchi ya mbali, na siku alipokufa alikwenda nalo kaburini.

Mafundi wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa na tanuru kubwa kama nyumba, lakini shida yao ilikuwa ile ile ya mhunzi wa Ugweno. Nao walikisia moto kwa macho. Mtu aliyewaondolea shida hiyo hakuwa mhunzi, wala hakuwa mwana wa mhunzi. Jina lake ni Hugh Longbourne Callendar.

Callendar alizaliwa tarehe 18 Aprili 1863 katika kijiji cha Hatherop, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa kijiji hicho. Alisoma katika shule ya Marlborough, kisha akaenda Cambridge, penye chuo kikuu cha sifa nyingi. Huko mwaka 1884 alifaulu kwa daraja la kwanza katika Kigiriki na Kilatini, na mwaka 1885 akafaulu vivyo hivyo katika hesabu. Siku zile kijana mwenye elimu ya namna hiyo aliweza kuwa mwalimu, au mwanasheria, au kasisi kama babaye. Callendar hakufuata njia hizo. Aliingia katika nyumba ya majaribio iitwayo Cavendish, ambayo mkuu wake alikuwa J. J. Thomson, aliyeipata kazi hiyo naye akiwa na miaka 28 tu.

Callendar hakuwa amefundishwa elimu ya fizikia. Alikuwa na akili ya hesabu, na mikono yenye utulivu, na subira. Thomson akatafuta kazi inayomfaa mtu wa tabia hiyo, akampa kazi ya kuchunguza waya wa platini, kitu ambacho wakubwa walikuwa wamekwisha kukikataa.

Ili kufahamu sababu ya kukataliwa kwake, yafaa kwanza kujua jinsi joto lilivyopimwa wakati ule. Kipimajoto cha kawaida kilikuwa kibomba cha kioo chenye zebaki ndani yake. Zebaki ikipata joto hutanuka na kupanda. Ikipoa hunywea na kushuka. Mahali inaposimama katika barafu inayoyeyuka paliandikwa 0, na mahali inaposimama katika mvuke wa maji yanayochemka paliandikwa 100. Mwenye kuigawa nafasi ile kwa sehemu 100 alikuwa Anders Celsius, mtu wa Uswidi, katika mwaka 1742.

Kipimajoto hiki ni chombo chema, lakini kina mipaka. Katika baridi ya digrii 39 chini ya sifuri zebaki huganda na kuwa ngumu. Katika joto la digrii 357 huchemka, na kioo chenyewe hulegea katika moto mkali. Zaidi ya hayo, vipimajoto viwili vya vioo vya namna mbili vyaweza kupatana katika 0 na katika 100, kisha visipatane katikati, kwa sababu kioo nacho hutanuka, na kila kioo kwa namna yake.

Hata maji yanayochemka si shahidi wa kuaminiwa pasipo kuulizwa ametoka wapi. Huko Tanga, kando ya bahari, maji huchemka katika digrii 100. Mtu akipanda gari la moshi mpaka Same, ambako ni juu zaidi ya bahari kwa meta 800 na zaidi, atayaona yakichemka katika digrii 97 hivi. Akiendelea kupanda mpaka kilele cha Shengena, ambacho urefu wake ni meta 2,462 nacho ni kirefu kuliko vyote vya milima ya Upare, maji yatachemka katika digrii 92 hivi, na maharagwe yatakawia sana kuiva. Sababu yake ni kwamba mlimani uzito wa hewa inayoyagandamiza maji ni mdogo kuliko pwani. Kwa hiyo wataalamu walipatana ya kuwa 100 ni joto la mvuke chini ya uzito wa hewa wa pwani, na kila apimaye mahali pa juu sharti apime uzito wa hewa kwanza, kisha asahihishe hesabu yake.

Kilikuwako chombo kingine, nacho ni kipimajoto cha hewa. Hiki kilisema kweli kuliko cha zebaki, na kiliweza kustahimili joto kubwa. Lakini kilikuwa kikubwa, chepesi cha kuvunjika, na kupima nacho mara moja kulihitaji kazi nyingi na hesabu ndefu. Kilifanana na mzee mwenye hekima asiyeweza kutoka nyumbani kwake: wenye haja walimwendea, lakini yeye hakuweza kwenda shambani wala kiwandani.

Basi mwaka 1871 William Siemens, fundi mkubwa aliyezaliwa Ujerumani na kukaa Uingereza, alileta shauri jipya. Yeye alijua ya kuwa umeme ukipita katika waya huzuiliwa kidogo, na waya ukipata joto huuzuia umeme zaidi. Jambo hili si gumu kwa watu wa Upare kulifahamu, maana tangu kale wamechimba mifereji na kuyakusanya maji katika ndiva. Mfereji ulio safi hupitisha maji upesi. Wenye majani na mawe huyazuia. Vivyo hivyo waya wa baridi hupitisha umeme kwa urahisi, na waya wa moto huuzuia. Kuzuia huko huitwa ukinzani. Siemens aliona ya kuwa mtu akipima ukinzani wa waya uliomo katika tanuru, aweza kujua joto la tanuru hali yeye amesimama mbali.

Siemens alichagua platini, madini meupe kama fedha, yenye thamani kubwa. Platini haishiki kutu, wala haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,700. Aliuzungusha waya wake juu ya udongo wa kuchoma, akautia ndani ya bomba la chuma. Shauri lake lilipendeza wengi. Lakini mwaka 1874 wataalamu walipokijaribu chombo hiki waliona kosa kubwa. Kilipotolewa katika moto mkali na kurudishwa katika barafu, hakikusema tena neno lile lile kilichosema mwanzo. Shahidi anayebadili maneno kila aulizwapo hafai barazani, na chombo kinachobadilika hakifai kuwa kipimo. Basi watu wakakiacha, na kwa muda wa miaka kumi na zaidi wengi waliamini ya kuwa platini haifai.

Hii ndiyo kazi aliyopewa Callendar. Hakuanza kwa kukubali hukumu ya watu, wala hakuanza kwa kuipinga. Alitaka kujua kosa ni la nani: je, ni la platini yenyewe, au ni la nyumba iliyotiwa ndani yake? Akachukua waya ulio safi, akauweka pasipo kuvutwa wala kukunjwa kwa nguvu, akaukinga na udongo, na chuma, na moshi wa tanuru. Kisha akautia katika joto na kuurudisha katika baridi, mara nyingi, akiandika kila hesabu; na majibu yake akayalinganisha na ya kipimajoto cha hewa.

Akaona ya kuwa platini haikuwa na hatia. Waya wa Siemens ulibadilika kwa kuwa ulichafuliwa na vitu vilivyokuwa karibu nao katika moto. Waya safi, uliotunzwa vema, ulisema neno lile lile kila uliporudi katika barafu. Habari hii alikipelekea chama kikubwa cha wataalamu wa London mwaka 1886, nayo ikapigwa chapa mwaka 1887, Callendar akiwa kijana wa miaka 24. Baadaye alivizungusha vyaya vyembamba juu ya vibati vya ulanga, jiwe lile jepesi ling'aalo ambalo hupatikana katika milima ya Uluguru pia, akavifunika kwa bomba la kioo au la kauri. Na kwa kuwa nyaya zilizounganisha chombo na mpimaji nazo huzuia umeme, alitia kando yake jozi nyingine iliyo sawa nazo, ili ukinzani wa njia uondolewe na ubaki ule wa platini peke yake.

Lilibaki jambo moja. Waya wa platini ambao ukinzani wake katika barafu ni sehemu 100, katika mvuke wa maji huwa karibu sehemu 139. Lakini ukinzani hauzidi kwa hatua zilizo sawa kabisa. Njia yake imepinda kidogo. Mtu akitaka kuchora njia iliyopinda, alama mbili hazimtoshi, maana kati ya alama mbili aweza kupitisha mstari ulionyoka. Sharti awe na alama ya tatu. Callendar aliichagua salfa, ile ambayo wazee huiita kiberiti, inayochemka katika joto kubwa kuliko la maji. Yeye na mwenzake E. H. Griffiths walipima kwa uangalifu mwingi, na mwaka 1891 wakatangaza ya kuwa salfa huchemka katika digrii 444.53. Kipimo cha zamani, cha mtaalamu mwenye jina kubwa, kilikuwa kimezidi kwa karibu digrii 4.

Tangu siku hizo Callendar alialikwa mahali pengi. Alifundisha fizikia katika chuo cha Royal Holloway, Uingereza. Mwaka 1893 alivuka bahari akaenda Montreal, nchi ya Kanada, kuwa profesa katika chuo kikuu cha McGill. Mwaka 1894 alimwoa Victoria Mary Stewart, wakapata watoto wanne. Mwaka 1898 alirudi London, na nafasi yake huko McGill ikashikwa na Ernest Rutherford, ambaye baadaye alikuwa na sifa duniani pote. Callendar hakuwa mtu wa kazi moja. Alibuni mwandiko wa mkato wa kuandika upesi, akatengeneza chombo chenye kalamu inayoandika joto yenyewe usiku na mchana, tena akapima tabia za mvuke kwa faida ya mafundi wa injini. Mwaka 1906 alipewa nishani ya Rumford kwa kazi yake juu ya joto.

Hata hivyo jambo kubwa katika maisha yake lilikuwa lile aliloliomba mwaka 1899. Wakati ule viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kupata vipimajoto vya platini. Lakini kila nchi, na mara nyingine kila nyumba ya majaribio, ilikuwa na hesabu yake. Digrii 600 za mtu mmoja hazikuwa digrii 600 za mwingine, kama vile pishi ya soko moja haikuwa pishi ya soko jingine. Ndipo Callendar alipokiletea chama cha wataalamu wa Uingereza shauri: watu wote na wapatane juu ya kipimo kimoja cha joto, kinacholindwa na waya wa platini, na alama zake ziwe tatu, yaani barafu inayoyeyuka, maji yanayochemka, na salfa inayochemka.

Wema wa shauri hili ni kwamba halikumpa mtu mmoja wala mji mmoja ufunguo wa kipimo. Pishi ya kweli, ikiwa imewekwa katika mji wa mfalme, sharti watu wa mbali waiendee ili kulinganisha zao. Lakini barafu ya Kanada huyeyuka katika joto lile lile la barafu ya Kilimanjaro, na salfa haijui mpaka wa nchi. Mtu yeyote aliye na platini safi, akifuata kanuni kwa uaminifu na kuusahihisha uzito wa hewa, aweza kukizaa kipimo kile kile upya, awe London, awe Tokyo, awe Same.

Shauri jema halikubaliwi upesi sikuzote. Uingereza, Ujerumani na Marekani kila moja ilikuwa na nyumba yake ya vipimo, na wataalamu wao walianza kuandikiana na kulinganisha hesabu zao. Kisha mwaka 1914 vita vikuu vikazuka, na waliokuwa wakiandikiana wakawa adui. Vita hivyo vilifika hata Same. Mwaka 1916 majeshi yalipita chini ya milima ya Upare, yakifuata reli ya Tanga na Moshi. Vita vilipokwisha, wataalamu walianza tena kazi iliyokatika.

Hatimaye, mwaka 1927, wajumbe wa mataifa mengi walikutana Ufaransa katika Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, wakakubali kipimo kimoja cha joto kwa mataifa yote. Kutoka digrii 190 chini ya sifuri hata digrii 660 juu yake, mlinzi wa kipimo hicho alikuwa waya wa platini; na tangu sifuri kwenda juu, hesabu iliyotumiwa ilikuwa ile ya Callendar. Alama ya salfa iliandikwa 444.60, na ile ya Callendar na Griffiths, ya miaka 36 nyuma, ilikuwa imetofautiana nayo kwa sehemu 7 tu katika sehemu 100 za digrii moja. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu Callendar alipoleta shauri lake. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 64. Alifariki London tarehe 21 Januari 1930.

Kipimo hicho kimerekebishwa mara kadhaa, mwaka 1948, mwaka 1968 na mwaka 1990. Salfa imeondolewa, na maji yanayochemka hayatumiwi tena kuwa alama. Metali safi zinazoganda zimeshika mahali pao. Lakini waya wa platini haukuondolewa. Katika kipimo cha mwaka 1990 umepewa ulinzi mkubwa zaidi, tangu baridi ya digrii 259 chini ya sifuri hata digrii 961, ambapo fedha iliyoyeyuka huganda. Dawa ya chanjo inayotunzwa kati ya digrii 2 na 8 ili isiharibike, na chuma kinachoyeyushwa kiwandani, vyote hupimwa kwa vyombo ambavyo ukoo wao hurudi katika kipimo hicho.

Mwana mmoja wa Callendar, jina lake Guy, aliyezaliwa Montreal mwaka 1898, aliurithi moyo wa babaye. Alikusanya hesabu za joto zilizoandikwa kwa miaka mingi katika vituo vya nchi mbalimbali, na mwaka 1938 akaonyesha ya kuwa dunia ilikuwa imezidi joto kidogo, akasema ya kuwa moshi wa makaa ya mawe una sehemu katika jambo hilo. Wengi hawakumsadiki, kwa maana ongezeko lenyewe halikufika hata digrii moja. Lakini mambo makubwa yaweza kujificha katika sehemu ndogo ya digrii, na leo wataalamu wanajua ya kuwa alisema kweli. Watu wa Upare wanaoitazama theluji ya Kilimanjaro wameiona ikipungua mwaka hata mwaka.

Hugh Callendar hakuvumbua platini, wala hakuwa wa kwanza kupima joto kwa waya. Alikikuta kitu kilichohukumiwa, akauliza kama hukumu ilikuwa ya haki, akakisafisha na kukipima tena kwa subira. Kisha akawaomba watu wote wapatane juu yake, ili kipimo cha mmoja kiwe kipimo cha wote. Mhunzi wa Ugweno alikwenda na jicho lake kaburini. Callendar aliliacha la kwake katika waya mwembamba, na mataifa yangali yanalitumia.